Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: vishikwambi mmetupa, sasa tufundisheni kufundishia

Waheshimiwa, shikamooni.

Nawaandikia nyote mnaoshika mambo ya walimu, kuanzia wizarani, TAMISEMI, Taasisi ya Elimu (TET), mpaka huku kwetu mkoa wa Tanga na halmashauri zake 11, maana nikimwandikia mmoja atasema hilo sio langu ni la yule, na yule atasema nenda kwa huyu, hiyo safari tunaijua sote. Barua ni moja, someni wote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nafundisha Sayansi na Jiografia, shule siitaji kwa sababu mnazozijua.

Ninalotaka kusema ni hili. Mwalimu wa nchi hii kapewa kifaa, kapewa mfumo, kapewa mpaka nywila, ila jinsi ya kufundisha somo lake kwa kutumia hivyo vitu hajafundishwa. Kafundishwa kuwasha. Ni sawa na kumpa mtu ngalawa ukamfundisha kupanda na kushuka, kutweka tanga hujamwambia, alafu unakaa ufukweni unauliza mbona haendi.

Chukueni hivi vishikwambi. Sensa ilifanyika tarehe 23 Agosti 2022, ilipoisha serikali ikaamua vile vishikwambi vya makarani viletwe kwa walimu, pamoja na vingine vikafika karibu 300,000 nchi nzima, na kwakweli tulishangilia, asije mtu akasema walimu hawana shukrani. Mimi changu ninacho mpaka leo na kinafanya kazi. Lakini nendeni shule yoyote mkaulize vile vya wenzangu viko wapi. Kingine kimefungiwa kabatini kwa mkuu kwa sababu mwenye nacho aliambiwa kikipotea atakilipa, akaona bora asikiguse kabisa. Kingine kiko nyumbani mtoto anachezea gemu. Kingine betri imekufa. Na kuna ambao wanavitumia vizuri tu, tena sana, ila ukiwauliza nani kakufundisha wanakwambia mdogo wangu, au YouTube, au nilihangaika mwenyewe. Hakuna anayekwambia nilifundishwa kazini.

Alafu kuna hii kauli kwamba walimu ni wagumu kwenye teknolojia. Jamani! PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wetu, ilipokuja tumejaza au hatujajaza? Mwalimu anayekaribia kustaafu kakaa usiku anaandika malengo yake humo, kwa bando lake, mtandao unazunguka tu, na kamaliza. Uhamisho tunaomba kwenye mfumo wa ESS. Wanafunzi tunawasajili kwenye mfumo wa PReM. Matokeo, mahudhurio, takwimu za shule, vyote vinaingia kwenye mifumo na walioingiza ni sisi. Mwalimu anajifunza fasta sana pale anapojua asipojifunza atakosa haki yake, kwahiyo uwezo upo msitusingizie. Ila hebu iangalieni hiyo orodha mara ya pili, yote ni ya kupeleka taarifa juu. Humo hakuna hata kimoja cha kumsaidia mtoto aliyekaa dawati la nyuma ambaye hajaelewa kwa nini maji ya bahari yanapwa na kujaa.

Sasa njooni kwenye semina. Nitasimulia moja niliyokaa mwenyewe, waandaaji siwataji. Tuliitwa ukumbini hapa mjini, viyoyozi, maji ya chupa, na wawezeshaji wametoka mbali. Asubuhi yote tukafundishwa sehemu za kompyuta, hiki kibodi, hiki kipanya, hii ni skrini, watu wazima wenye simu mbili mbili mfukoni. Mchana tukafundishwa kufungua barua pepe. Baada ya chai ya jioni ikaja slaidi ndefu ya umuhimu wa TEHAMA katika karne hii, mtu akiisoma neno kwa neno huku katupa mgongo. Mwalimu mmoja wa Hisabati, mama mtu mzima, akanyoosha mkono akauliza: mwanangu, mimi nafundisha sehemu, zile nusu na robo, darasa langu lina watoto zaidi ya mia, simu ni moja, nianzeje? Kijana wa watu akasema swali zuri sana tutalirudia. Halikurudiwa. Tukapiga picha ya pamoja, tukapewa vyeti, likaundwa grupu la WhatsApp, na hilo grupu sa hivi ni la pole za misiba na matangazo ya vitenge. Mji wetu unasifika kwa waja leo waondoka leo, basi wawezeshaji wale waliitendea haki sifa yetu, kabla ya giza wako barabarani.

Lile swali la yule mama ndio mafunzo yenyewe. Lingejibiwa lile tu siku nzima, kila mmoja angerudi shuleni na kitu mkononi.

Niseme ninachokiona mimi kwenye masomo yangu, maana nisipotoa mfano mtasema nalalamika tu. Mada ya kupwa na kujaa. Watoto wangu wengi ni wa wavuvi au wana ndugu mvuvi, bamvua wanaijua kuliko mimi niliyesoma, wanajua siku gani maji yanatoka mbali mpaka watu wanashuka kuokota pweza na siku gani hayatoki. Wasichokijua ni kwa nini. Kitabu kina mchoro wa jua, mwezi na dunia, mchoro mzuri tu, lakini umetulia, hauendi popote. Simu nyingi sasa hivi zina ile namna ya kupiga picha kidogo kidogo kwa masaa alafu zikaunganishwa, ukiifunga kwenye mti pale ufukweni asubuhi maji yakiwa yamejaa, baada ya masaa kama sita yamekupwa, wewe unapata video ya nusu dakika bahari inaondoka mbele ya macho yako na madau yanabaki yamelala kwenye mchanga. Hapo hujatumia bando. Hujaomba projekta. Pwani ni yetu wenyewe na watoto wanaitambua, utasikia yule pale dau la baba.

Lakini video peke yake haifundishi, na hapa ndipo mafunzo yanapotakiwa. Ukiingia darasani ukaionyesha mwanzo mwisho watoto watapiga makofi na watatoka hawajui kitu. Inabidi ujue kabla hujawasha uwaulize maji yataenda wapi, waandike. Ujue usimamishe wapi. Ujue kuwaacha wabishane kwanza, yupo atakayesema maji yanaingia ardhini, yupo atakayesema yanaenda Pemba, usimkatishe. Ndio uonyeshe tena, alafu urudi kwenye ule mchoro wa kitabu ambao sasa wana sababu ya kuuangalia. Na ujue kuwagawa, watoto 90 hawawezi kuona skrini ya inchi nane, kwahiyo wengine wanachora, wengine wanapima kwa kamba, wengine wanaangalia, alafu wanabadilishana. Huo ni ufundi wa ualimu. Hauko kwenye slaidi ya kipanya na kibodi, na kijana wa IT hata awe hodari vipi hawezi kumfundisha mwalimu jambo hilo kwa sababu hajawahi kusimama mbele ya watoto 90.

Na niseme ukweli mwingine ambao wauza vifaa hawatawaambia. Kuna mada simu inaharibu. Mgawanyo mrefu mimi naona ubao na chaki bado havijapata mpinzani, mtoto anatakiwa aone mkono wa mwalimu unaandika taratibu na yeye afuate. Mbegu kuota ni bora aoteshe maharage kwenye kopo kuliko kuonyeshwa video ya maharage ya Ulaya. Mwalimu aliyefundishwa vizuri ni yule anayejua lini asiwashe, na hilo nalo lifundishwe.

Sauti mmeisahau kabisa. Kila mtu anawaza picha, anawaza skrini kubwa, anawaza maabara ya kompyuta yenye kapeti. Darasa la watoto mia sauti inawafikia wote, kispika kidogo cha kuchaji kinatosha, na mtoto asiyeona anasikia sawa na mwenzake. Walimu wa darasa la kwanza na la pili wanaweza kumrekodi mtoto akisoma dakika moja mwanzo wa muhula, wakamrekodi tena mwisho wa muhula, mzazi akija anasikilizishwa zote mbili, hapo hahitaji kuelezwa maendeleo ya mwanae kwa asilimia. Kwenye Historia ya Tanzania na Maadili, somo ambalo mmelileta nyie wenyewe na mtaala mpya, mkoa huu una wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu ikapandwa huko upande wa Pangani, na kutoka hapo ukatapakaa mkoa mzima ukaleta watu kutoka kila kona ya nchi na nje ya nchi, ndio maana ukikaa Ngamiani au Muheza unakuta kila kabila. Hao wazee wanaondoka. Darasa la sita wakifundishwa kuuliza maswali matano ya maana na kurekodi kwa simu ya mwalimu, kwa ruhusa ya mzee mwenyewe, shule inapata hazina ambayo TET haiwezi kuichapa. Ila mwalimu nani kamfundisha kuandaa maswali ya mahojiano? Nani kamfundisha kuhifadhi sauti isipotee simu ikiibiwa? Vitu vidogo hivyo, lakini bila hivyo hakuna kinachofanyika.

Tena ajabu ni kwamba haya mambo Tanga sio mageni. Shule ya Tanga, ile Wajerumani waliyoianzisha miaka ya 1890, ilikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na mwanzoni mwa miaka ya 1900 ikawa inatoa gazeti la Kiswahili kila mwezi linaitwa Kiongozi, likaenda mpaka vita ilipowafukuza Wajerumani hapa 1916. Walimu na makarani waliosambaa nchi nzima walikuwa wanaandika humo. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni na lina mambo yake, silipambi. Ila mwalimu wa wakati ule alionekana ni mtu anayeweza kutengeneza kitu kikasomwa na wengine. Mwalimu wa leo anaonekana ni mtu wa kupokea, apokee kishikwambi, apokee mfumo, apokee maudhui yaliyotengenezwa kwingine, abonyeze cheza.

Na hata baada ya uhuru tuliweza. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi wakasikiliza, wakajadili, wakachimba vyoo. Watu wakikumbuka ile wanakumbuka redio. Mimi naangalia kitu kingine, kabla kipindi cha kwanza hakijaruka walifundishwa kwanza viongozi wa vikundi kama 75,000, ngazi kwa ngazi mpaka kijijini, kila mmoja anajua redio ikizimwa yeye anauliza nini na kikundi kinafanya nini. Redio ilikuwa nusu ya kazi. Alafu Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka watoto wote waingie shule na walimu hawapo, walimu zaidi ya 40,000 walifundishwa wakiwa kazini hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa mkufunzi anayekuja kuwaona wanafundisha. Walimu wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, tunawatania sana, ila wengi wetu tumesomeshwa na hao. Sasa nauliza, kwa posta na redio ya betri iliwezekana, kwa simu inashindikana nini?

Karatasi pia tunazo, tena nzuri. Sera ya TEHAMA kwa elimu ya msingi ni ya 2007. Viwango vya umahiri wa TEHAMA kwa walimu vilitolewa 2015, vimefuata ule mfumo wa UNESCO ambao kwa kifupi unasema mwalimu aanze kwa kuelewa, aende kutumia kwa kina, afike kutengeneza vya kwake. Vyuo vya ualimu vya serikali 34 viliingizwa kwenye mradi wa kompyuta kwa fedha za Waswidi kuanzia 2005, Korogwe wetu akiwemo, kwahiyo wakufunzi wa vyuoni walianza zamani. Ila aliyeko shuleni ambaye alitoka chuo kabla ya hapo, au alitoka baada ya hapo akapangiwa shule isiyo na umeme, mnyororo ukakatika palepale. Toleo jipya la sera ya elimu linaongelea teknolojia, mtaala mpya ulioanza Januari 2024 nao unaongelea teknolojia. Kwenye andalio la somo kuna sehemu ya zana, na najua walimu wanaoandika humo video, projekta, kompyuta mpakato, ili mthibiti ubora akija akute. Akifungua mlango wa darasa anakuta chaki.

Kwahiyo naomba nini. Kwanza msianzishe mradi mwingine mpya wenye jina jipya na tisheti. MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, ipo, na wazo lake mimi nalikubali, walimu wajifunze palepale shuleni kwao na kwenye klasta, yaani kundi la shule jirani, mwalimu kwa mwalimu, sio kupelekwa hotelini. Ingizeni hili humo. Wekeni mada kwa somo, walimu wa Sayansi wakae na Sayansi yao na wa Kiswahili na Kiswahili chao, maana kutuchanganya wote tukafundishwa Excel ndio ule ugonjwa wa zamani. Kila klasta ina mwalimu mmoja au wawili ambao tayari wanafanya, tunawajua, watafuteni hao. Ila mkimpata msimwongezee mzigo, mpunguzieni vipindi. Hapa ndipo mnapokosea sana, mnamteua mtu kuwa mwezeshaji wa klasta na ana vipindi thelathini kwa wiki na darasa lake la mtihani, anakwenda saa ngapi kuwaona wenzake? Na awaone wakifundisha, sio awahutubie. Akae nyuma aangalie, baadae wakae chini ya mwembe waongee, mara ya pili arudi. Nikiulizwa mafunzo yawe ya namna gani nasema hivyo, na kama hela inatosha kimoja tu basi iwe hicho, ukumbi tupunguzeni.

Wakuu wa shule na wathibiti ubora nao wafundishwe, tena wa kwanza. Mwalimu akionekana na simu darasani bado kuna mkuu anayedhani anachati. Kuna mwenzangu alitoa simu awasikilizishe watoto shairi akaitwa ofisini kujieleza. Ukishaitwa hivyo mara moja huitoi tena simu, ndio basi.

Suala la bando nitalipitia haraka kwa sababu mnalijua. Ruzuku ya shule ya msingi ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na humo 4,000 ni ya vitabu inabaki huko juu, kinachokuja shuleni ni 6,000, hiyo hiyo chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo. Hapo bando linatoka wapi? Linatoka kwa mwalimu. Maktaba mtandao ya TET ina vitabu na nawapongeza kwa hilo kwa dhati, lakini kuidaunlodi kwa laini yangu ni mboga ya jioni. Kaeni na makampuni ya simu, mfuko wa mawasiliano kwa wote (UCSAF) upo na umekuwa ukifundisha walimu TEHAMA na kupeleka vifaa mashuleni, ongeeni tovuti za masomo zifunguke bila kukata bando. Na kwa shule za Kilindi huko ndani, au milimani Lushoto ambako mtandao unakuja ukipenda, wekeni vitu kwenye memori kadi mgawe, kituo cha walimu kimoja kinaweza kunakili kadi za wilaya nzima kwa wiki. Kitu cha bei rahisi kama hicho sijui kwa nini hakipendwi, labda kwa sababu hakina uzinduzi.

Kuna jambo moja halijawekwa kwenye semina yoyote niliyoisikia na linaniumiza. Picha za watoto. Walimu wenzangu wanawarekodi watoto wakicheza, wakikosea kusoma, wakilia, wakila uji, alafu wanarusha TikTok wapate laiki. Wengine hawana nia mbaya, wanafurahisha tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kutumika 2023, walimu wangapi wameisikia? Mtoto wa darasa la pili aliyekosea kutamka neno leo, kesho ana miaka ishirini anaomba kazi na video ipo bado. Mzazi hakuulizwa. Nikiwaambia wenzangu wananiona mnoko. Sasa mtu huyohuyo mnataka awafundishe watoto kutofautisha habari ya kweli na ya uzushi, wakati yeye mwenyewe asubuhi katurushia kwenye grupu la walimu ujumbe wa imetumwa mara nyingi kuhusu dawa ya kisukari. Kufundisha kwa vyombo vya kidijitali maana yake pia kujua kuvikagua, kuuliza nani kasema, lini, anataka nini kwangu. Hiyo nusu nzima imeachwa.

Na akili mnemba (AI) imeshaingia, msidhani mnaisubiri. Maandalio ya somo mangapi sa hivi yanatoka huko, mwalimu anabandika tu, humo kunaandikwa wanafunzi watembelee mto Thames wa Uingereza. Mimi sipingi kuitumia, inanisaidia kupata maswali ya mazoezi, ila inasema uongo kwa kujiamini sana na asiyelijua somo hawezi kuigundua. Tufundishwe kuihoji kabla haijatuzoesha vibaya.

Mtasema haya yanahitaji muda. Muda hamna. Walioanza darasa la tatu na mtaala mpya 2024 wanamaliza darasa la sita 2027, mwaka uleule ambao la saba wa mtaala wa zamani nao wanamaliza, sekondari zitapokea mafuriko ya watoto kwa mkupuo na walimu wale wale. Darasa kubwa ndilo linalohitaji mwalimu mwenye mbinu nyingi.

Nawapa pa kuanzia, kama mnapataka. Chagueni klasta tatu za mkoa huu zisizofanana, moja ya mjini Ngamiani, moja ya pwani Pangani au Mkinga, moja ya mbali kabisa Kilindi. Mwaka mmoja. Msitupe kifaa chochote kipya, tutumie hivi hivi vya sensa na simu zetu. Tupeni mtu wa kutuangalia tukifundisha, masaa mawili kwa wiki yaliyoandikwa kwenye ratiba yasiyoguswa na kikao, na bando la shule. Mwisho wa mwaka msituulize tumefurahi kiasi gani kwa kujaza fomu, wapimeni watoto. Ikishindikana mtasema mwalimu yule wa Tanga alikuwa anapiga domo, nitakubali.

Mkija kuangalia msitoe taarifa wiki mbili kabla, mtakuta tumepaka rangi na watoto wamefundishwa wimbo. Njooni siku ya kawaida, kipindi cha tatu hivi, mkae madawati ya nyuma. Umeme ukiwa umekatika msiahirishe, sisi vifaa tunachaji usiku.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Sayansi na Jiografia, shule ya msingi, Tanga